Sampu ya bei nafuu isiyomwaga maji stima ikipotea

Swali: Habari ya kazi, mwalimu. Naishi Kasarani, ghorofa ya 3, nyumba ya kupanga. Nina tangi la maji ya chumvi la sm 120 kwa 45 kwa 50, lina samaki wawili wa klauni na mawe. Kichujio cha kuning'iniza kimeanza kulemewa, na ningependa kuongeza matumbawe laini. Sampu za dukani, yale matangi ya chini ya kuchujia maji, siziwezi kwa bei. Je, nitumie boksi la plastiki la kuwekea nguo, au tangi la zamani la kioo la sm 75 kwa 35 kwa 40 ambalo kaka yangu ananipa? Nahitaji pampu ya aina gani? Na stima ikipotea usiku, maji hayatamshukia jirani wa chini?

Jibu: Dada, swali ulilolimalizia ndilo la kuanza nalo. Hapa Nairobi sampu hupimwa na dakika ile stima inapopotea. Vigawanyo vya vyumba vyake, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na mwani vitafuata. Kwanza tujue maji yatakayoshuka ni lita ngapi, na yataingia wapi.

Maji ya tangi la juu hufurika, hushuka yenyewe kupitia bomba, hupita kwenye vichujio vya sampu, kisha pampu huyarudisha juu. Pampu ikizimika, maji ya juu huendelea kushuka hadi yafike chini ya ukingo yanakofurikia. Hilo watu wengi wanalijua. Wanachokisahau ni bomba la kurudi. Pampu ikisimama, bomba hilo nalo huanza kuvuta maji kuyarudisha chini, vile watu wanavyonyonya mafuta ya gari kwa mpira, na haliachi hadi mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa umezama sana, litamaliza maji mengi kabla ya kuacha.

Tupige hesabu ya tangi lako. Uso wa maji ni 120 mara 45, yaani sentimita 5,400 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Mdomo wa bomba la kurudi ukiuweka sm 2 tu chini ya uso wa maji, chukulia kwamba kiwango kitashuka sm 3 kwa jumla. Hizo ni lita 16. Ongeza maji yaliyo ndani ya mabomba na kwenye kisanduku cha kufurikia, tuseme lita 20. Sasa chukua tangi hilohilo, mdomo uuzamishe sm 10. Ni lita 54 kabla hujahesabu mabomba, na hizo ndizo zinazompata jirani.

Tangi la kaka yako linatosha. Lichukue. Sakafu yake ni sentimita 2,625 za mraba, yaani lita 2.6 kwa kila sentimita ya kina. Likifanya kazi na maji ya kina cha sm 23, litakuwa na lita 60, na kutoka hapo hadi sm 2 kabla ya ukingo pana nafasi ya lita 39 hivi. Lita zako 20 zinaingia na nafasi inabaki. Ila ukijaribiwa kujaza sampu hadi sm 35 ili upate maji mengi zaidi kwenye mfumo, nafasi hiyo umeila mwenyewe. Kabla ya yote pima mlango wa stendi. Sampu ikikataa kuingia, itabidi stendi ifunguliwe upande mmoja, na kazi hiyo hufanywa tangi la juu likiwa tupu.

Utasikia watu wakishauri kitundu kidogo kwenye bomba la kurudi, karibu na uso wa maji, ili kivute hewa na kukata mvuto. Kitoboe, ila usikitegemee. Mwani hukiziba, hata konokono mdogo hukiziba. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ni vivyo hivyo: chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kifuniko chake, maji yanapita. Kinga ya kweli ni mdomo wa bomba kuwa karibu na uso, kwa sababu hapo hakuna kitu cha kuharibika.

Boksi la nguo liache. Kuta zake ni nyembamba na likijaa hutuna, halafu plastiki ya aina hiyo haishiki silikoni. Utabandika vigawanyo leo, baada ya wiki chache vinabanduka vyenyewe. Kama usingekuwa na tangi la kioo, ningekuambia utafute pipa nene la plastiki lililokuwa na chakula, ulikate, uweke ndani yake ndoo ya kupokea maji yanayoshuka. Ndoo ikijaa hufurika ndani ya pipa, na kina cha ndani ya ndoo hakibadiliki. Ni sampu isiyohitaji gundi hata kidogo. Mapipa yaliyobeba sabuni, rangi au dawa usiyaguse, hata muuzaji akikuapia kwamba yameoshwa. Plastiki hunywa kemikali na kuzitoa polepole.

Tangi la kaka yako lijaze maji ya mfereji, liwekwe bafuni siku mbili juu ya gazeti kavu. Gazeti litakuonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Likiwa zima, nenda kwa fundi wa vioo akukatie vigawanyo vya unene wa mm 5. Upana wa kila kipande uwe pungufu ya upana wa ndani wa tangi kwa mm 3 hivi, ili silikoni ipate pa kukaa, na mwambie apige msasa kingo zote. Vyumba vitatu vinakutosha. Cha kwanza, cha sm 25, kinapokea maji yanayoshuka na baadaye kitakaa skima. Kigawanyo chake kina kimo cha sm 23, na ndicho kinachoshikilia kiwango cha maji mahali pamoja. Cha pili ni cha mwani utakaosaidia kusafisha maji. Kati ya cha pili na cha pampu weka vigawanyo vitatu vilivyoachana sm 3: cha kwanza kinagusa sakafu na kina kimo cha sm 22, cha pili kimeinuliwa sm 4 kutoka sakafuni na kichwa chake kinapita maji kabisa, cha tatu kinagusa sakafu tena, sm 21. Maji hupita juu, chini, juu, na mapovu hubaki nyuma. Bila mtego huo, pampu itameza mapovu na kuyatapika kwenye tangi la juu, utadhani maji yamekuwa maziwa. Kilichobaki mwishoni, sm 20 hivi, ni chumba cha pampu.

Silikoni ndiyo kazi ya kufanya bila haraka. Nunua ile ya wazi inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni nyingi zimewekwa dawa hiyo, na viumbe wako hawaitaki. Kwangua silikoni ya zamani yote kwa wembe mahali kigawanyo kitakapokaa, maana mpya haishiki juu ya iliyokwisha kukauka. Pangusa kioo kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za mstari, kamua silikoni, simamisha kioo, kisha pitisha kidole kilicholowa maji ya sabuni mara moja tu, kutoka juu hadi chini, bila kurudia. Toa tepu papo hapo, kabla silikoni haijaota ngozi, la sivyo itang'oka nayo. Acha wiki nzima. Harufu ya siki ikiwa bado ipo, bado haijakauka.

Sasa kutoboa tangi la juu. Najua unaliogopa, na najua utaonyeshwa visanduku vya kuning'iniza vinavyovusha maji juu ya ukingo kwa bomba lililopinda, bila kutoboa chochote. Kwa mji ambao stima hupotea na kurudi mara mbili kwa usiku mmoja, sikushauri. Mvuto wa bomba lile ukikatika, stima ikirudi pampu itapandisha maji na hakuna yanayoshuka. Tundu halikatiki mvuto. Toboa.

Ila hakikisha kwanza kioo chako si kile kilichoimarishwa kwa moto, kinachovunjika vipande vidogo kama kioo cha dirisha la gari. Hicho hakitobolewi, kinapasuka chote. Njia ya kukijua ni rahisi: weka simu au laptopu yenye skrini nyeupe nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, uangalie kutoka upande wa pili. Ukiona mabaka au milia myeusi ndani ya kioo, kimeimarishwa. Kikionekana sawasawa kote, ni cha kawaida. Sakafu za matangi ya dukani mara nyingi zimeimarishwa, ndiyo maana tunatoboa kioo cha nyuma, karibu na juu, na kila tundu likae mbali na ukingo wa kioo kwa kipimo kisichopungua upana wa tundu lenyewe.

Samaki na mawe watakaa kwenye ndoo kubwa zenye maji yao wenyewe, hita na hewa, hadi majaribio ya mwisho yapite. Drili iende taratibu, kisu chake ni kile cha duara chenye unga wa almasi, maji yamwagike juu ya kioo muda wote, na mkono usikandamize. Fundi wa vioo mwenye kifaa hicho atakumalizia haraka, na ukitaka kuokoa pesa, usiziokolee hapa. Mpelekee tenki konekta yenyewe mkononi, kile kiungo cha kupitisha bomba kwenye kioo, apime uzi wake. Ukimtajia ukubwa wa bomba tu, tundu litatoka dogo.

Toboa matundu mawili ya kushuka. Bomba la kwanza lina geti valvu (ya kuzungusha ili kupunguza maji) chini na hubeba maji yote kimyakimya, likiwa limejaa bila hewa. La pili ni la dharura, mdomo wake uko juu kidogo, halina valvu yoyote na kwa kawaida ni kavu. La kwanza likizibwa na konokono, la pili linapokea, nawe utalijua kwa mlio. Wafugaji huuita mtindo huu Herbie. Mwisho wa bomba la kwanza uzame sm 2 tu ndani ya maji ya sampu. Ukiuzamisha zaidi, hewa haitoki na mvuto hauanzi vizuri stima ikirudi. Mbele ya matundu jenga kisanduku cha vipande vya kioo ili maji yaingie kwa juu tu, na ukingoni uweke wavu wa plastiki. Klauni ni mdadisi, atapita.

Kwenye mabomba, jihadhari na duka la vifaa vya ujenzi. Viungo vingi vya mabomba ya plastiki ya PPR vyenye uzi vina shaba nyeupe au njano ndani, huioni hadi ukipindue. Tenki konekta za shaba na maboya ya shaba ya matangi ya darini ndivyo vivyo hivyo. Shaba ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe, hata kidogo sana. Bomba la chuma nalo litaoza. Chukua PVC na plastiki tupu, na vibano vya mpira viwe vya plastiki.

Pampu. Tangi lako likishatoa mawe lina lita 230 hivi za maji, na mzunguko wa mara nne kwa saa unatosha, yaani lita 900 hadi 1,000. Usidanganywe na namba kubwa iliyo kwenye kasha, hiyo hupimwa bila kupandisha maji popote. Soma iliyoandikwa Hmax, yaani kimo ambacho pampu haiwezi kupandisha maji kupita hapo. Ikisema mita 1.5 na maji yako yanapanda mita 1.3, utapata mchirizi tu. Tafuta yenye Hmax ya mita 2.5 au 3. Ukishaifunga, kinga maji kwenye ndoo ya lita 10: ikijaa kwa sekunde 36, hiyo ni lita 1,000 kwa saa. Hii ndiyo sehemu ya kuwekea pesa zako. Pampu hufanya kazi usiku na mchana, na iliyo mbovu huvuja mafuta ya mota au stima ndani ya maji.

Skima nakushauri uiache kwanza. Kwa klauni wawili na matumbawe laini, chumba chenye Chaetomorpha, ule mwani unaofanana na nywele zilizosokotana, pamoja na kubadilisha maji asilimia 10 kila wiki, kitakufikisha mbali. Uwashie balbu ya kawaida ya LED nyeupe usiku, taa za juu zikizimwa, na pH haitashuka sana kufikia alfajiri. Ukitaka mawe ya kuongeza humo, nunua makavu. Usiombe mtu akuletee ya ufukweni kutoka Pwani. Mahali kama Malindi na Watamu bahari ni hifadhi tangu 1968, na mwamba ukishamegwa hauoti upya kwa umri wetu.

Sampu ina faida nyingine ambayo wafugaji wa Mombasa hawana haja nayo sana kama sisi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Pwani. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 yanayoweza kubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita kule, hapa hubeba kama 5.5. Samaki wako wanaanza siku wakiwa na akiba ndogo. Maji yanayofurika, kushuka na kupita juu ya vigawanyo hugusana na hewa njia nzima. Ndiyo maana, stima ikikawia kurudi, cha kwanza kuwasha ni pampu ya hewa ya betri, kabla ya kufikiria joto. Julai usiku ni baridi kweli, lakini lita zaidi ya 200 hupoa polepole.

Hita iwe kwenye chumba cha kwanza, ambako kiwango hakibadiliki. Ukiiweka kwenye chumba cha pampu, maji yatakayokauka yatashukia humo peke yake. Chumba hicho kina sentimita 700 za mraba, kwa hiyo ukipoteza lita 3 kwa siku kiwango kinashuka zaidi ya sm 4, hita inabaki nje na inapasuka. Unachoongeza ni maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haikauki na maji. Maji ya maduka ya kujaza mitungi mengi yamechujwa kwa osmosisi, ila nenda na kipimo chako cha TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, kila duka lina namba yake. Ya kisima usitumie, ya Nairobi mengi yana floraidi nyingi.

Upande wa stima, soketi ikae ukutani juu ya usawa wa sampu, kamwe isiwe sakafuni ndani ya stendi. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloufuata lidondoke hapo chini lisifike kwenye plagi. Weka kikata umeme cha milliampia 30, kinachozima chenyewe stima ikivuja. Hii ni 240 V na maji ya chumvi, usiahirishe. Na siku utakaponunua skima, ichomeke kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache stima ikirudi. Sampu huwa imejaa wakati huo, na skima ikianza mara moja hutoa povu hadi nje. Pampu ya kurudisha iwe ya kwanza kuwaka, ishushe kiwango, kisha skima ifuate.

Kabla ya chumvi na samaki, jaribu mara mbili kwa maji ya mfereji. Washa mfumo, acha utulie, weka alama ya maka kwenye kioo cha sampu, kisha zima kwenye soketi usimame uangalie. Maji yatapanda, yapande hadi yasimame yenyewe. Yakibaki chini ya ukingo kwa sm 3 au zaidi, umepita. Yasipobaki, inua mdomo wa bomba la kurudi au punguza kiwango cha sampu, kisha ujaribu tena.

Jaribio la pili wengi hawalifanyi. Ziba mabomba yote mawili ya kushuka, uiache pampu ipandishe kila kilichomo kwenye chumba chake hadi ianze kuvuta hewa. Chumba chako kina kama lita 10 juu ya mdomo wa pampu, na lita hizo zitainua tangi la juu sm 2 hivi. Kwa hiyo ukingo wa juu uwe na nafasi ya sm 3 tupu kila wakati. Hii ndiyo sababu chumba cha pampu kisifanywe kikubwa: udogo wake ndio unaozuia mafuriko ya juu. Kwa hoja hiyohiyo, ukiweka boya la kuongeza maji lenyewe, liwe la plastiki na linywe kutoka kwenye jerikani ya lita 10, lisiunganishwe na mfereji. Likikwama wazi, litamaliza lita 10, basi.

Yote mawili yakipita, acha mfumo uende na maji ya mfereji siku tatu, ukizima na kuwasha kwa nyakati tofauti, hata usiku. Kisha mwaga, suuza, tia maji ya chumvi yenye uzito wa 1.025 na nyuzi 25, na klauni warudi nyumbani. Mawe yao yakae na unyevu muda wote mnapohama, maana bakteria wanaosafisha maji yako wanaishi humo.